Mnyama Asiyeona Njaa: Rupert, Kima na Dhana ya Ngano

Imekuwa desturi, kila unapozuka mjadala kuhusu vibonzo ambavyo wahusika wake ni wanyama wadogo wanaocheza pamoja, kukumbushana kwamba jambo hili si geni kwa Mwafrika. Sungura na Fisi, husemwa, walikuwapo kabla ya gazeti. Kutokana na kauli hiyo hufikiwa hitimisho kwamba kibonzo cha aina hii ni hurafa iliyotiwa picha, kwamba wanyama wake ni istiara ya binadamu, na kwamba kazi ya mhakiki ni kulitoa funzo lililofichwa ndani yake kama mtu anayebambua karanga. Kauli hii ina sura ya uzalendo, na pengine ndiyo sababu haijadadisiwa vya kutosha. Hata hivyo ni kauli potofu, na upotofu wake unadhuru pande zote mbili: unaifanya kazi ya kigeni isomwe vibaya, na unazifanya ngano zenyewe zisahauliwe zilivyo.

Mfano mwafaka ni mikusanyiko ya Rupert, dubu mdogo mwenye suruali ya manjano ya mirabaraba na skafu ya kitambaa hicho hicho. Rupert alitokea mara ya kwanza katika gazeti la Daily Express la London tarehe 8 Novemba 1920. Alichorwa na Mary Tourtel, ambaye mumewe, Herbert, alikuwa mhariri katika gazeti hilo hilo. Hakutokana na masimulizi ya bibi yeyote mekoni. Alizaliwa na ushindani wa kibiashara: Daily Mail lilikuwa na panya wake, Teddy Tail, tangu 1915, na Daily Mirror lilikuwa na mbwa, pengwini na sungura mchanga, yaani Pip, Squeak na Wilfred, tangu 1919. Gazeti lisilokuwa na mnyama wake lingebaki nyuma. (Inafaa kudokezwa kwamba Wilfred, sungura huyo wa London, hakujua kusema ila sauti mbili tatu za kitoto. Huyu ni sungura aliyenyang'anywa ulimi, na ulimi ndio mali yote ya Sungura wa ngano.) Mwaka 1935 kazi ya Rupert ilirithiwa na Alfred Bestall, mtoto wa wamishenari aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1892. Bestall aliendelea kumchora gazetini hadi 1965, na kuanzia 1936 hadithi hizo zilikusanywa katika kitabu kilichotolewa kila mwaka. Rupert anayejulikana leo ni huyu wa vitabuni.

Sasa iwekwe kando yake hekaya ambayo nayo inahusu urafiki wa wanyama. 'Kisa cha Punda wa Dobi' ni mojawapo ya masimulizi ambayo Edward Steere aliyaandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuyachapisha mwaka 1870. Kima na Papa ni marafiki. Kima yuko mtini, anamtupia Papa matunda. Urafiki wao umeanzia tumboni. Siku moja Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamfunulia kwamba sultani wa huko ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anaokoka kwa kudai kwamba moyo ameuacha mtini. Akisha kurudi na kukataa kushuka, anamsimulia Papa kisa kingine, cha punda aliyejiwa na posa kwa niaba ya simba asiyejiweza, akaponyoka mara ya kwanza, akarudi mara ya pili, akaliwa. Mshenga wa posa hiyo ni Sungura. Ndiye pia anayekula kwa siri moyo na masikio ya marehemu, kisha anamweleza simba kwamba punda hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo asingalirudi.

Hakuna mtoto hata mmoja katika kisa hiki. Kima anajua thamani ya mwili wake sokoni. Papa ni mjumbe wa dola. Sungura ni mshenga, kazi ambayo hakuna jamii ya Waswahili inayomkabidhi mtoto. Udogo wa Sungura ni wa kimo na wa nguvu. Si wa umri. Hapa ndipo wahakiki wanapoteleza: wanaona kiumbe mdogo na kudhani wameona kiumbe mchanga. Wala hoja ya kwamba kisa hiki ni chetu na Rupert ni wao haisaidii kitu, kwa kuwa moyo wa nyani ulioachwa mtini umo katika Panchatantra ya Wahindi, ambako mwindaji ni mamba au kiumbe mwingine wa majini, na ulifika pwani kwa njia zile zile za bahari zilizoleta mchele na vitambaa. Tofauti kati ya kazi hizi mbili si ya asili zake. Ni tofauti ya njaa.

Katika kijiji cha Nutwood anakoishi Rupert, dubu, mbuni wa hila, tembo na nguruwe hawana sababu ya kuogopana. Na kwa kweli hila yenyewe haihitajiki. Rafiki zake ni Bill ambaye ni melesi, Algy ambaye ni mbwa wa aina ya pagi, Podgy ambaye ni nguruwe, na Edward ambaye ni tembo. Wote wana kimo kinachokaribiana. Tembo hupita katika mlango wa dubu bila kuinama, na hakuna anayeshangaa. Msomaji akitulia atagundua kwamba hapa ndipo penye kicheko cha Bestall: kicheko cha kimya, cha mtu anayesimulia jambo lisilowezekana kwa uso usiokunjuka. Lakini kimo hicho sawa si mzaha tu. Kinafuta ule uhusiano wa ukubwa na udogo ambao bila yake Sungura hana kazi. Podgy, kwa mfano, ni mlafi, na ulafi wake huchekesha. Ulafi na njaa ni vitu viwili: mlafi anajua chakula kipo, mwenye njaa hajui. Nutwood ina walafi; haina wenye njaa. Urafiki wa pale, kwa hiyo, haugharimu chochote. Haujaribiwi na sultani mgonjwa.

Kuna kundi la pili la wahakiki ambalo litazipokea sentensi hizi kwa furaha kupita kiasi. Ni wale waliomsoma Ariel Dorfman na Armand Mattelart, ambao kitabu chao kuhusu bata Donald kilitoka nchini Chile mwaka 1971, na ambao tangu hapo wamekigeuza ufunguo wa kila mlango. Dorfman na Mattelart walionyesha kwamba katika ulimwengu wa Disney hakuna baba wala mama, kuna wajomba na wapwa tu, na kwamba pengo hilo husaidia kuficha kazi na uzalishaji. Uchambuzi huo ulikuwa wa kijasiri na ulifaa kwa Donald. Lakini ukihamishiwa Nutwood unagonga ukuta, maana Rupert ana baba na mama, wapo nyumbani, wanamngoja na chai. Licha ya hayo kazi imefichwa pale pale. Bwana Bear hushika kiko na kutunza bustani. Riziki ya nyumba inatoka wapi, hadithi haiulizi. Kwa hiyo kinachoificha kazi si kukosekana kwa wazazi. Ni utoto wenyewe wa mhusika mkuu: dunia inaonekana kwa jicho la aliyelishwa kabla ya kutoka nje. Mhakiki anayerudia fomula ya Chile bila kufungua kitabu cha Rupert hatofautiani sana na yule anayerudia habari za Sungura bila kumsoma Steere.

Jambo ambalo makundi yote mawili yamelipuuza ni fani. Ukurasa wa kawaida wa mkusanyiko wa Bestall una picha nne. Juu yake pana kichwa kifupi kinachoeleza tukio. Chini ya kila picha pana beti ya mishororo miwili yenye vina. Na chini zaidi pana masimulizi ya nathari. Tukio moja linasimuliwa mara nne katika ukurasa mmoja. Wataalamu wa ushairi wataziona tathnia hizo kuwa chapwa, na kwa kipimo cha mizani na ukwasi wa lugha wako sahihi, lakini kipimo hicho hakifai hapa. Mtoto asiyejua kusoma huzifuata picha. Anayeanza kusoma huzishika beti kwa msaada wa vina. Aliyekomaa, au mzazi, husoma nathari. Kitabu kimepangwa kwa ngazi za umri, na msomaji hupanda ngazi hizo ilhali Rupert habadiliki. Mtambaji wa ngano hana haja ya mpango huu. Hadhira yake imechanganyika, na yeye hubadilisha sauti, hurefusha au hufupisha akitazama nyuso zilizo mbele yake.

Utoto huu wa kubuniwa ulifikishwa hata mahakamani. Mwezi Mei 1970 jarida la Oz la London lilichapisha toleo lililotayarishwa na vijana wa shule, na ndani yake kichwa cha Rupert kilibandikwa juu ya miili ya wahusika wa Robert Crumb waliokuwa katika vitendo vya ngono. Wahariri watatu walishtakiwa mwaka 1971. Katika kesi hiyo mwendesha mashtaka alimtaka shahidi mmoja, mtaalamu wa saikolojia, aseme Rupert ana umri gani. Watu wengi wamelicheka swali hilo. Lilikuwa swali la kihakiki kuliko mengi yanayoulizwa katika semina za fasihi ya watoto, kwa kuwa liligusa mhimili wa kazi nzima: dubu huyo ni mtoto kwanza na dubu baadaye, na aliyevunjiwa heshima katika jarida lile alikuwa mtoto. Hakuna hakimu ambaye angeuliza umri wa Sungura.

Yote haya yangeweza kuachiwa Waingereza kama madhara yake yasingefika nyumbani. Si nadra siku hizi kumkuta Sungura katika kitabu cha darasani amevaa kaptura, amebeba mkoba, akienda shule pamoja na Fisi. Wachapishaji hawakuamua kumwiga Rupert. Wameamini tu, kama walivyofundishwa, kwamba hadithi ya wanyama ni hadithi ya watoto na kwamba hadithi ya watoto lazima iwe na watoto. Mshenga amegeuzwa mwanafunzi. Posa imeondolewa, na moyo ulioliwa kwa siri umekuwa embe lililoibwa, ambalo mwizi wake huomba radhi katika ukurasa wa mwisho. Mwanafunzi wa uzamili aliyelelewa na matoleo hayo anapoipata hekaya ya Unguja huisoma kwa miwani hiyo hiyo. Hutafuta usaliti, ujanja na uaminifu, na huviorodhesha. Mtahiniwa anaweza kulijibu swali linalomtaka ataje mafunzo matatu ya kisa cha Kima na Papa, na akapewa alama zote, bila kuliandika neno njaa hata mara moja.