Kabla ya Kupiga Windows, Pima Umeme

Malalamiko huwa ni yale yale. Kijana anabeba kompyuta yake hadi kwa fundi, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na kueleza kwamba ikiwa kwenye Word au YouTube haina neno. Akifungua Call of Duty au FC 24, mechi ikikolea, skrini inakuwa nyeusi ghafla na mashine inaanza kuwaka upya yenyewe. Fundi anaitazama kidogo na kutoa jibu alilompa mteja wa jana: ipigwe Windows. Kijana analipa, mafaili yake yanafutika, na usiku huo huo mashine inajizima tena. Akirudi mara ya pili anauziwa RAM. Mara ya tatu anaambiwa kadi ya grafiki imekufa.

Biashara hii ya kubahatisha inawagharimu vijana fedha walizozichanga kwa miezi mingi, na inapaswa kukoma. Kompyuta inayojizima wakati wa gemu karibu kila mara huacha ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo inasomeka bila kununua kifaa chochote.

Pa kuanzia ni ndani ya Windows yenyewe, kwenye programu ya Event Viewer. Mashine ikizimika vibaya, hapo huandikwa tukio la Kernel-Power lenye namba 41. Wengi wakiliona hudhani wamepata jina la ugonjwa, kumbe namba 41 inasema tu kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. La maana zaidi limo ndani yake, kwenye mstari wa BugcheckCode. Ikiwa pana namba isiyo sifuri, Windows ilianguka yenyewe, na wa kushukiwa kwanza ni dereva wa kadi, RAM au prosesa. Ikiwa ni sifuri, mara nyingi maana yake ni kwamba Windows haikupata hata muda wa kuandika kilichoipata: umeme uliondoka ghafla au mashine iliganda kabisa. Fundi anayepiga Windows bila kuutazama mstari huo anafuta ushahidi wenyewe.

Baada ya hapo huja joto, ambalo husingiziwa kuliko linavyostahili. Ni kweli vumbi na pesti iliyokauka juu ya prosesa huleta matatizo, hasa katika miji ya pwani. Lakini prosesa za miaka hii hujilinda kwa kupunguza kasi kabla ya kuzima. Core i9-13900K, kwa mfano, huanza kujipunguza ikifikia nyuzi 100 za Selsiasi. Mchezaji ataona gemu linakwamakwama kwanza. Programu ya bure kama HWiNFO inaonyesha joto la kila kifaa, na dakika chache za kuitazama gemu likiendelea zinatosha kulithibitisha jambo hili au kuliondoa kwenye orodha.

Umeme ndio unaostahili muda mrefu zaidi, na ndio unaopuuzwa zaidi.

Watu wa Afrika Mashariki wanazijua hitilafu kubwa kubwa za umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani, hata abiria wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakakwama. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ya Tanzania nayo ilipata hitilafu. Hizo kila mtu huziona. Kinachoua mechi ni kitu kidogo mno ambacho taa ya chumbani huenda isikionyeshe: umeme kushuka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Umeme wetu wa hezi 50 hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 20. Pawa saplai iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha ATX, ikiwa imebeba mzigo wake wote, hutakiwa kuhimili kukosa umeme kwa milisekunde 16 au 17 hivi. Kwa hiyo mzunguko mmoja tu ukipotea, kompyuta inayovuta wati 450 kwenye gemu inaweza kuzimika, na ile ile ikiwa inaandika barua, inayovuta kidogo sana, ikapita salama kwa chaji iliyobaki kwenye kapasita zake. Hapo ndipo kauli ya kijana kwamba “inazima kwenye gemu tu” inapopata maelezo, bila Windows kuwa na kosa lolote.

Stabilaiza haitibu hali hiyo. Kazi yake ni kusawazisha volteji iliyopanda au kushuka. Haina akiba ya umeme ndani yake. UPS inayo akiba, lakini UPS ndogo ya VA 650 inayopatikana madukani kwa kawaida hubeba wati zisizofika 400. Ikiunganishwa na mashine ya gemu inayovuta zaidi ya hapo, umeme ukiyumba inazidiwa na kuzima yenyewe, na mwenye kompyuta anabaki akiilaumu kadi ya grafiki.

Halafu kuna pawa saplai. Mashine nyingi za gemu za vijana wetu zilianza maisha kama kompyuta za ofisi zilizoletwa zikiwa zimetumika. Dell OptiPlex 9020 ya kesi kubwa ni mfano mzuri: imara, ya bei nafuu, na pawa saplai yake ni ya wati 290. Ndani yake mara nyingi hukaa Core i7-4790 ya wati 84. Mwenye nayo anaongeza kadi ya RX 580, ambayo kwa maelezo rasmi huhitaji wati 185. Jumla ni 269, na bado hazijahesabiwa mazabodi, diski, RAM na feni. Kwa kuwa waya wa kulisha kadi haupo, fundi anachomeka adapta kutoka waya wa SATA, ambao upande wa volti 12 umeundwa kubeba wati 54, kwenda kwenye soketi ya pini nane inayoruhusiwa kuvuta hadi wati 150. Mashine hiyo ikijizima inajitetea, na adapta iliyoachwa hapo inaweza kuyeyuka au kuwaka moto. Fundi anayeifunga anajua au anapaswa kujua.

Kubadilisha pawa saplai nako kuna mitego, kwa sababu maandishi makubwa ya “500W” ubavuni hayana maana peke yake. Cha kusoma ni jedwali dogo, safu ya volti 12, ambako prosesa na kadi hupata karibu umeme wao wote. Ikiandikwa ampea 18, zidisha mara 12: ni wati 216, hata kama boksi limeandikwa mia tano. Wala jina kubwa si kinga. Mwaka 2021 pawa saplai za Gigabyte, GP-P750GM na GP-P850GM, zilipata sifa mbaya baada ya wapimaji kuzishuhudia zikilipuka, na Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kushusha kiwango ambacho ulinzi hukata umeme na kuwabadilishia wateja.

Kadi zenyewe pia zina tabia ambayo wati za kwenye boksi haziionyeshi. RTX 3080 iliyotoka Septemba 2020 huandikwa wati 320, lakini kwa muda mfupi mno inaweza kuruka mbali juu ya hapo, na pawa saplai yenye ulinzi mkali ikaiona hali hiyo kama hitilafu na kukata. Ndiyo sababu kiwango cha ATX 3.0, kilichotolewa mwaka 2022, kikataka pawa saplai kubwa zihimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Jaribio la kuibaini tabia hiyo ya kadi ni la bure: punguza kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 kwa MSI Afterburner, funga fremu kwenye 60, kisha cheza. Mashine ikitulia, mashaka yanahamia kwenye umeme unaoilisha kadi. Hapo fundi ana sababu ya kuazima pawa saplai nyingine na kujaribu, kabla ya mteja kutoa hata senti.

Yupo atakayesema wateja hawana muda wa vipimo vyote hivi. Kilichowapata wenye prosesa za Intel kinaonyesha gharama ya kutopima, na safari hii waliosumbuliwa walikuwa watu wenye mashine za gharama kubwa kabisa. Core i9-13900K ilianza kuuzwa Oktoba 2022 na 14900K ikafuata Oktoba 2023. Magemu yaliyojengwa kwa Unreal Engine yakaanza kuanguka, mengine yakitoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya video imekwisha. Ujumbe huo uliwapoteza watu wengi, maana uliinyooshea kidole kadi ya grafiki ilhali mgonjwa alikuwa prosesa. Watengenezaji wa magemu ndio waliokusanya ripoti za kuanguka na kuona kwamba prosesa za aina moja zinajirudia. Alderon Games, waundaji wa Path of Titans, walisema hadharani Julai 2024 kwamba wanaziondoa kwenye seva zao.

Mwezi huo huo Intel ikakiri kwamba prosesa zilikuwa zikipewa volteji kubwa kupita kiasi. Agosti ikatoa maikrokodi ya 0x129, na Septemba ikaongeza 0x12B pamoja na maelezo kamili ya chanzo. Maikrokodi hizo huingia kwa kusasisha BIOS. Zinaikinga prosesa ambayo bado ni nzima. Iliyokwisha kuharibika haiponi. Mtu aliyepiga Windows mara tano katika kipindi hicho alikuwa akiipa prosesa yake muda zaidi wa kuharibika.

Kwa hiyo mabadiliko yanayotakiwa ni madogo na yanawezekana. Fundi aandike kwenye karatasi alichokikuta: BugcheckCode, joto la juu kabisa, matokeo ya kipimo cha RAM cha MemTest86, wati za pawa saplai upande wa volti 12. Mteja akiondoka na karatasi hiyo, hata akienda kwa fundi mwingine hataanza upya. Muuza duka aandike ampea halisi. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012; pawa saplai ya wati 216 inayouzwa kama ya 500 ni kazi ya wakaguzi kama ilivyo mizani iliyochezewa. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yakiingia madukani na kipimo cha mzigo, yataanza kuziondoa siku hiyo hiyo.

Na mnunuzi atunze boksi na risiti yenye namba ya kifaa. Intel iliongeza waranti ya prosesa zilizoathirika kwa miaka miwili, kutoka mitatu hadi mitano, kwa zile zilizouzwa kwenye boksi lake. Waliouziwa prosesa isiyo na boksi, au kompyuta iliyokwisha kuundwa, wanaelekezwa kwa aliyewauzia. Aliyenunua 14900K ya boksi mwanzoni mwa mwaka 2024 ana haki ya kudai hadi mwanzoni mwa mwaka 2029, kama bado ana ushahidi kwamba ni yake.