Uhaba wa Kutengenezwa

Jamani, tuambiane ukweli. Hii hadithi kwamba vitabu ni adimu, ni nani anayetusimulia, na anapata nini? Karatasi ni ghali, sikatai. Lori la kupeleka vitabu Songea linakunywa dizeli, sikatai pia. Lakini maandishi yakishaingia kwenye kompyuta, nakala ya elfu kumi haina gharama kushinda ile ya pili. Sasa mbona foleni bado ipo? Mimi nasema foleni imetengenezwa. Watu wameiona neema, wakaijengea geti, wakaweka na bawabu.

Geti hilo halina hata haya. Wasioona walisubiri mpaka mwaka 2013 ndipo ukapatikana Mkataba wa Marrakesh, ukaanza kutumika 2016. Unazitaka nchi zilizouridhia ziruhusu kitabu kigeuzwe kuwa cha nukta nundu, na kivuke mpaka, bila kumpigia magoti mwenye hakimiliki. Mkataba wa dunia nzima, eti ili kipofu asome!

Msiniambie naota. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kazi yake ya Linux ili kila fundi aichungulie na kuiongezea chake. Mafundi wakajitokeza kwa maelfu. Leo shika simu yoyote ya Android pale Kariakoo: Linux imo tumboni mwake. Penye wengi pana mengi, wazee hawakukosea.

Hapo najua utanirukia: "Na mwandishi je, atakula hewa?" Swali zuri, maana na mimi naandika, na njaa naijua. Ndiyo maana siwaungi mkono wale wanaopiga kelele kila kitu kiwe bure, halafu mtunzi wanamwacha na deni la chumba. Nakala ni tele. Jasho si tele. Tuvitenganishe hivi viwili.

Inawezekana. Denmark walianza mwaka 1946: msomaji anaazima kitabu maktaba bila kutoa senti, na mwandishi analipwa fedha za umma kwa sababu kazi yake imo humo, inasomwa. Uingereza nayo ikatunga sheria yake 1979. Msomaji hakufungiwa mlango, mtunzi hakulala njaa. Hao si malaika. Walikaa tu wakapanga mambo kwa kumhesabu mtu kwanza, geti baadaye.

Sisi je? Tunaandika usiku, tunachapa kwa kuchangishana, halafu tunaota kuwa na geti letu wenyewe. Hapana, vijana wenzangu. Tudai maktaba zinazofanya kazi, na fungu la umma la kumlipa anayeandika. Jasho lilipwe. Nakala iachwe itembee, ifike mpaka kwa yule ambaye hana hata nauli ya kuifuata.