Mwaka Kogwa hauishi kwa makofi

Kila Julai Makunduchi, kusini mwa Unguja, hujaa kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Magari hutoka Mjini tangu asubuhi, viwanja vya Kae Kuu hufurika, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba, kibanda cha makuti hutiwa moto, na simu huinuliwa kuupiga picha moshi. Jioni magari hurudi yalikotoka. Kuanzia hapo hadi Julai nyingine, ni nani miongoni mwa waliokalia viti vya mbele anayeuliza nyimbo za siku ile zimehifadhiwa wapi, zinafundishwa na nani, na ni nani anayehesabu siku ili mwaka ujao sherehe ifanyike kwa tarehe yake? Wengi wanalijua jibu. Baadhi yao wana ofisi, mihuri na mafungu ya fedha, na hao ndio tunaowaandikia.

Tuanze na hesabu ya siku, kwa sababu ndiyo isiyopigwa picha. Mwaka wa Nairuzi, ambao Mwaka Kogwa huufungua, una siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Hauna ile siku ya ziada ambayo kalenda ya ofisini huitia Februari, ndiyo maana kila baada ya takriban miaka minne hurudi nyuma kwa siku moja. Katika karne ya 19 siku ya mwaka iliangukia Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Mvuvi na mkulima wa pwani waliitegemea hesabu hii kujua kusi na kaskazi, mvua na majira ya kupanda, kazi ambayo miezi ya Kiislamu haiwezi kuifanya kwa kuwa huzunguka misimu yote. Asili yake hurejeshwa Uajemi, na si ajabu, kwani jirani tu, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, yanayoshuhudia jinsi ufukwe huu ulivyounganishwa zamani na ng'ambo ya bahari.

Ni elimu ya nyota, pepo na kilimo iliyovaa nguo za sikukuu. Ikibaki vichwani mwa wazee wachache, itazikwa nao. Na mtu akisimama kesho kupendekeza kwamba sherehe isogezwe iangukie mwisho wa wiki ili iwafae wasafiri, ajibiwe palepale: ukiiondoa hesabu, kilichobaki ni moto wa makuti.

Moto wenyewe, pamoja na heshima zake zote, huwaka kwa muda mfupi. Kwa mila mtu huingia kibandani, huwashiwa, hutoka mbio, na watu huutazama moshi unakoelekea wapate kuusoma mwaka unaokuja. Kinachoibeba siku ni sauti za wanawake. Wanaume wakishikana na migomba ili kumaliza vinyongo vya mwaka mzima, wanawake waliovaa nguo zao bora huzunguka kwa vikundi wakiimba mapenzi, maisha na mafumbo. Hii ndiyo sanaa kubwa ya Mwaka Kogwa, nayo ndiyo inayotazamwa kwa uchache zaidi. Mpiga picha hukimbilia rabsha ya migomba. Mwandishi huandika habari za moto na hotuba. Mwimbaji hupewa mstari mmoja mwishoni, bila jina, kana kwamba sauti ile ilitoka mitini.

Nyimbo hizo ni za watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kikae. Marehemu na walio hai wa Makunduchi wamefikiri, wametaniana, wameposa na wamezika kwa lahaja hiyo. Haji Chum alikusanya maneno yake katika kitabu cha Msamiati wa Pekee wa Kikae kilichochapishwa mwaka 1994, kazi inayostahili shukrani ya taifa. Lakini lahaja haiishi kitabuni. Mtoto anayeambiwa darasani kwamba anachosema bibi yake ni Kiswahili kibovu atajifunza haraka sana kunyamaza, na akishanyamaza hataweza kuutunga wimbo ambao fumbo lake limo ndani ya maneno ya bibi huyo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha Mjini. Hatuna ugomvi nacho, tunaandika kwacho. Tunachokataa ni skuli ya Makunduchi kuwa mahali pa kwanza ambapo mtoto wa Makunduchi anafundishwa kuionea haya lugha ya kwao. Wizara ya Elimu haihitaji fedha za mkopo kuruhusu kipindi kimoja kwa wiki ambapo bibi mwimbaji anaalikwa darasani, analipwa, na anasikilizwa.

Tunasisitiza neno hilo: analipwa. Visiwani tumezoea kumsifu msanii kwa maneno makubwa huku tukimwachia nauli yake mwenyewe. Mwimbaji wetu Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, mwaka 2005, akiwa mkongwe tayari, na dunia ilimshangilia hadi alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Makofi hayo yalikuwa haki yake. Lakini unyago alioufundisha haukupata mlezi kwa sababu ya tuzo. Ulipata walezi pale tu ambapo wasichana walikaa chini wakajifunza ngoma ile mkono kwa mkono. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimewafundisha vijana wetu taarab, kidumbak na ngoma, kilifika mahali pa kutangaza hadharani mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha. Serikali inayotangaza visiwa hivi nje kwa sauti ya qanun na udi haikupaswa kuliacha jambo hilo lifike magazetini.

Kuhusu Serikali, hakuna utata wa nani anadaiwa. Utamaduni si jambo la Muungano. Mzigo huu uko Zanzibar na hakuna pa kuusukumia. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Mkataba huo unazitaka nchi kuweka orodha za urithi wake na kuzihuisha mara kwa mara, kuingiza elimu hiyo kwa vijana, na kuzishirikisha jamii zenye urithi huo katika uendeshaji wake. Kushirikisha maana yake ni wavyale, yaani wazee wanaoshika mila, waimbaji na mafundi wa ngoma kukaa mezani kabla ratiba haijachapwa. Kumwita mzee siku ya tukio na kumwambia asimame hapa na aanze saa fulani kwa kuwa mgeni rasmi amewasili ni kumgeuza mwenye nyumba kuwa mtumishi wa nyumba yake. Na hotuba, kwa hisani ya wasikilizaji, ziwe fupi. Siku ya mwaka ni ya watu wa Makunduchi. Mwanasiasa ni mgeni kama wageni wengine.

Ugeni wenyewe una nafasi yake ya heshima katika mila hii. Wenyeji huona si vyema mtu kuipitisha siku ya mwaka bila mgeni nyumbani, hivyo milango hufunguliwa na chakula hupikwa kwa wingi. Ukarimu huo umekuwa bidhaa. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 600,000, na hoteli nyingi za pwani ya kusini-mashariki haziko mbali na Makunduchi. Hoteli au kampuni inayouza safari ya Mwaka Kogwa inauza kitu ambacho haikukitengeneza. Wajibu wake uko wazi: ichangie mfuko wa kijiji kwa kiwango kinachojulikana, hesabu zake zisomwe mbele ya wananchi katika shehia, na mwongoza watalii afundwe kabla hajamfunda mgeni wake. Mgeni aambiwe avae nini, asimame wapi, na kwamba bibi anayeimba anaombwa ruhusa kabla ya kamera kuletwa usoni pake. Kamisheni ya Utalii inayo mamlaka ya kuyadai haya.

Wenzetu wa Kenya wametangulia kwa baadhi ya mambo. Mwaka 2009 mila za kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kukiri kwamba mambo yanaharibika si fedheha. Mwaka 2016 Kenya ikatunga sheria mahsusi ya kulinda elimu ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka ridhaa ya wenyewe kabla mtu mwingine hajaitumia mali yao. Lamu nayo, Maulidi yake yamesimama vizazi kwa vizazi kwa kuwa Msikiti wa Riyadha na watu wake wameyashika wenyewe, na michezo na ngoma zikapata mahali pake pembeni bila kuyanyang'anya kiini. Ofisi yetu ya hakimiliki isingoje mtunzi mmoja mwenye kitambulisho aje kulalamika. Nyimbo za Mwaka Kogwa zina mwenyewe, naye ni kijiji.

Wapo waumini wanaoona kwamba baadhi ya ibada za Mwaka Kogwa haziendani na dini, na wapo wanaozitetea kama mila tu. Mjadala huo una heshima yake na ni wa watu wa Makunduchi kuumaliza, kwa mwendo wao, misikitini na barazani. Anayetoka Mjini kuwafokea, na anayetoka ng'ambo kuwaambia wasibadilishe hata kimoja ili wabaki kivutio, wote wawili wanawakosea adabu kwa namna moja.

Wenyeji nao tusiwaache. Mvyale anayeificha hesabu ya miongo asimfundishe hata kijana wa ukoo wake, kwa hofu kwamba elimu ikienea yeye atapungua, anaivunja amana aliyopewa na waliomtangulia. Mama anayejua nyimbo na binti yake hajui hata moja asimtafute wa kumlaumu wizarani. Kijana anayerusha mtandaoni sekunde kumi za migomba, kisha akashindwa kumwambia mgeni ni kwa nini watu wanapigana, ameiuza siku kwa bei ya bure. Migomba yenyewe ina kanuni zake: hasira hutoka ikaishia uwanjani. Anayekwenda kulipiza kisasi chini ya kivuli cha mila ashughulikiwe na wazee kwanza, na polisi baadaye ikibidi.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi, siku chache kabla ya mwaka wa Makunduchi. Kwa hiyo Serikali haiwezi kudai kwamba sherehe iliikuta mafungu yakiwa yameshamalizika. Tunataka bajeti ijayo iwe na kifungu kinachosomeka wazi: malipo ya waimbaji na wazee wanaofundisha, kurekodi nyimbo kwa ridhaa yao na kuzihifadhi nakala Makunduchi kwenyewe, na kazi ya kuiandika hesabu ya Nairuzi kwa mikono ya wanaoijua. Hatudhani kiasi hicho kinafika gharama ya mahema, vipaza sauti na misafara ya magari ya siku moja. Wawakilishi wa Mkoa wa Kusini waulize swali hilo ndani ya Baraza, kwa sauti, na jibu liingie kwenye kumbukumbu rasmi kabla moto mwingine haujawashwa Kae Kuu.