Digrii au Mtaji: Tumpe Nini Kijana Anayetaka Biashara?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lililoleta maneno katika nyumba nyingi. Je, kijana anayetaka kuwa mfanyabiashara ana haja ya kwenda chuo kikuu na kupata digrii, au afadhali zile fedha za chuo ziwe mtaji wake?

Mama mmoja wa Morogoro ametuandikia kwamba binti yake amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya kusomea shahada ya biashara. Mkopo wa serikali aliopewa hautoshi, na wazazi wanatakiwa kuongeza shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo mama amezikusanya kwa miaka minne katika kikundi chake cha kuweka na kukopa. Sasa binti anasema haoni sababu ya kukaa darasani miaka mitatu akisomea biashara, na hali biashara yenyewe anaijua. Tangu kidato cha tatu amekuwa akioka keki za sherehe, na majirani wananunua. Anaomba apewe hizo milioni 2 afungue duka la keki. Baba yake amekasirika. Anasema hakumsomesha mtoto miaka yote hiyo ili aje kuoka keki. Nyumba haina amani, na mama anatuuliza asimame upande gani.

Swali hili si la mama huyu peke yake, kwa hiyo tumjibu hapa ili wengi wafaidike.

Sheria inasemaje?

Tuseme wazi: hakuna sheria inayomtaka mtu awe na digrii ndipo auze keki, ashone nguo au afuge kuku. Hata mikopo isiyo na riba ya halmashauri zetu, ile itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, haimwulizi mtu digrii. Asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na kinachotazamwa zaidi ni kikundi kilichosajiliwa na mradi wake.

Lakini zipo biashara zisizofunguliwa bila cheti. Famasi lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na hata duka la dawa muhimu linadai mtoa dawa aliyepata mafunzo. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu na ofisi ya uwakili ni hivyo hivyo. Basi mama, kabla ya kubishana na kijana, muulize kwanza: ni biashara gani unayoitaka?

Mifano inayotajwa

Vijana hupenda kututajia matajiri ambao hawakusoma. Ni kweli wapo. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaanza na biashara ndogo ndogo. Leo unga, juisi na aiskrimu za Azam zimo katika nyumba zetu. Lakini baba naye anaweza kumtaja marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019. Yeye alisomea uhasibu Uingereza, akafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa miaka mingi, kisha akaanza kiwanda kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Mmoja hakuwa na vyeti, mwingine alikuwa navyo, na wote wawili walifika mbali.

Wapo pia wanaomtaja Bill Gates wa Marekani, aliyeacha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1975. Wanasahau kwamba alianza kuandika programu za kompyuta mwaka 1968, akiwa bado kijana wa shule. Alipoondoka Harvard alikuwa na miaka saba ya kujifunza kazi ile ile aliyokwenda kuifanya. Aliacha chuo, lakini hakuacha kujifunza.

Tena tazameni kiwanda chochote kikubwa cha mtu ambaye hakusoma. Ndani yake mtawakuta wahasibu, mainjinia na wanasheria, wote wenye digrii, wakilipwa mishahara. Maana yake elimu imo humo. Mwenye mali ameinunua kutoka kwa wengine. Kijana anayeanza na milioni 2 hana fedha za kumwajiri mhasibu. Kwa hiyo lazima uhasibu awe nao mwenyewe kichwani, hata kama ni kidogo.

Mali bila daftari

Hapa ndipo biashara nyingi za vijana, na zetu sisi akina mama pia, zinapofia. Tuchukue mfano wa keki. Tuseme binti anauza keki 10 kwa wiki, kila moja shilingi 25,000. Ameshika shilingi 250,000 mkononi, naye anajiona tajiri. Lakini unga, mayai, siagi, sukari na maboksi vimekula 150,000. Gesi 20,000. Usafiri wa kupeleka keki kwa wateja 15,000. Zimebaki 65,000. Akipanga chumba cha duka kwa 80,000 kwa mwezi, kila wiki anatoa 20,000. Basi fedha yake halisi ni 45,000. Akitoa 60,000 kununua kiatu na vocha, ameshakula mtaji bila kujua, na wiki ijayo mayai atayakopa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu hii haihitaji digrii, lakini inahitaji kufundishwa, na anayeikosa ataanguka hata akiwa mwokaji hodari kuliko wote mtaani.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi: digrii si sharti la biashara, lakini kujifunza ni sharti. Mambo matatu lazima kijana ayajue: kazi yenyewe, hesabu ya fedha, na taratibu za serikali. Anayetaka kuuza keki dukani, kwa mfano, ajue kwamba tangu mwaka 2019 mambo ya usalama wa chakula yako chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Mahali pa kujifunzia

Chuo kikuu ni mahali pamoja tu. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha ufundi wa aina nyingi. Tena inao mpango wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti vya ujuzi wao. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina ofisi mikoani na inatoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula, utengenezaji wa sabuni na uendeshaji wa biashara ndogo. Kwa anayetaka digrii huku akifanya kazi, kipo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mtu husoma bila kuacha shughuli zake. Akina mama wenye watoto wadogo wamesoma hapo na kumaliza.

Shauri letu kwa mama wa Morogoro

1. Zungumza na mumeo faraghani kwanza. Usimpinge mbele ya mtoto, wala usimfiche. Hasira yake ni ya upendo. Anaogopa jasho lake lisipotee. Mweleze hesabu, siyo hisia. Naye akumbuke kwamba kuoka keki si aibu. Mtume Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, mwalimu mkubwa wa sheria, na bado huko Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Elimu na kazi ya mikono vilikaa ndani ya mtu mmoja.

2. Usimpe binti milioni 2. Mpe shilingi 100,000 na daftari. Kabla vyuo havijafunguliwa, hata kama alikwenda JKT kwanza, wiki kadhaa hubaki. Afanye biashara yake nyumbani bila kupanga duka, na aandike kila siku: kilichoingia, kilichotoka, na alichochukua mwenyewe. Kila Jumamosi jioni alete daftari kwa baba yake. Msimsaidie kwa unga wa nyumbani wala gesi ya nyumbani bila kuandika, maana hapo mtajidanganya wote.

3. Daftari likionyesha hasara, amejifunza kwa 100,000 jambo ambalo lingemgharimu milioni 2, na nafasi ya chuo bado ipo.

4. Daftari likionyesha faida, bado tunamshauri aende chuo. Nafasi na mkopo haviji kila mwaka, na kwa mtoto wa kike mlango wa shule ukishafungwa ni vigumu kuufungua tena, kwa sababu ndoa na watoto huja haraka. Keki anaweza kuziendeleza wakati wa likizo, na anayofundishwa darasani akayajaribu jikoni. Biashara ikifa, cheti hakifi.

5. Lakini hatutaki kumficha ukweli binti huyu. Mkopo wa elimu ya juu ni deni. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe, na aliyejiajiri naye hudaiwa. Kama daftari lake ni safi, na amekaa na wazazi wake akaomba kwa heshima na kwa moyo mmoja, basi msimlazimishe. Mpeni laki 5 za vifaa, mwambieni aende SIDO kwa mafunzo, na zile milioni moja na nusu mziache kwenye kikundi kwa ajili ya masomo yake. Akiwa tayari kuanza Chuo Kikuu Huria, atazikuta. Mtoto asichome mitumbwi yote kwa siku moja.

Mpendwa mama, Lidia wa Thiatira tunayemsoma katika Matendo ya Mitume sura ya 16 alikuwa muuza rangi ya zambarau. Hatuambiwi alisoma wapi. Tunaambiwa kwamba Bwana aliufungua moyo wake, na kwamba nyumba yake iliwakaribisha watumishi wa Mungu. Tuwaombee watoto wetu wapate elimu na wapate riziki, lakini zaidi ya hayo wawe na nyumba za namna hiyo, wawe wenye digrii au wenye meza ya keki. Na amani ya nyumba ya mama wa Morogoro isiuzwe kwa milioni 2.

Bwana awabariki. Tukutane mwezi ujao.