KARATASI YA KIPIMO SI HUKUMU

Ndugu Wanachama,

Naandika haya nikiwa kisiwani Ndau, mgeni wa mwenzetu mmoja wa gengi la njia aliyenialika likizo. Ameniruhusu nieleze habari zake, mradi nisimtaje jina. Nami naona zawahusu wote waliokwisha kupita miaka 45, na sisi tunaowafuata.

Mwaka jana alipimwa choo huko Mombasa. Ni kipimo chepesi: choo kidogo hutiwa katika kichupa, ikatafutwa damu isiyoonekana kwa macho. Jibu likaja kwamba damu ipo, aende akaangaliwe utumbo kwa kamera. Basi akaikunja karatasi, akaitia katika mkebe wa tumbaku, akapanda basi mpaka Mokowe na mashua mpaka kwao. Majuma manne hakumwambia mtu. Chakula hakimwingii, usingizi haumjii, kutwa yuko barazani akitazama maji. Mkewe akaamini kabisa kwamba ameoa wa pili Mombasa! Shemeji yake ndiye aliyemchukua pembeni, akamwuliza mpaka akasema, na usiku ule, asema mwenyewe, alilala.

Simlaumu. Neno saratani latisha. Sote twamkumbuka mbunge wa Kibra, Ken Okoth, aliyetangaza saratani yake ya utumbo Februari 2019, akafariki tarehe 26 Julai mwaka huo huo, naye ana miaka 41 tu. Lakini ugonjwa wake ulipojulikana ulikuwa umekwisha kuenea. Kipimo hiki cha choo kimewekwa ili mtu asifike huko.

Sisi wa reli twajua mambo haya. Fundi akigonga gurudumu kwa nyundo akasikia mlio mbovu, hasemi gari limeanguka. Asema gurudumu hili litazamwe. Damu katika choo yaweza kutoka katika bawasiri, au kidonda cha utumbo, au kinyama kidogo kilichoota ndani. Huko Uingereza, ambako watu wengi sana wamepimwa hivi, kiasi cha 9 katika kila 10 wanaoitwa kwenye kamera hawakutwi na saratani. Vinyama navyo huchukua miaka, mara nyingi kama 10, kabla ya kugeuka saratani, na daktari huvikata papo hapo. Kungoja majuma machache si balaa. Kukaa na karatasi mkebeni mwaka mzima ni jambo jingine.

Tena iko haya. Mtu ataeleza habari za jino na mgongo mbele ya gengi zima, lakini choo hakitaji. Haya hii haina faida kwetu. Mwambie mtu mmoja: mke, ndugu, au mwenzako wa zamu. Mwambie na daktari dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.

Sasa nifike kwenye jambo la Chama. Siku ya kabla ya kamera mtu hali chakula kigumu, hunywa dawa ya kuharisha mpaka tumbo liwe tupu, wala hawezi kuondoka karibu na choo. (Hapa kisiwani, ambako maji matamu ni ya kuhesabu, hilo ni taabu, mwenzetu alifanya kwa jamaa yake Mombasa.) Siku ya pili huchomwa dawa ya kumlegeza, na kwa saa 24 haifai aendeshe kitu wala kusimama kwenye njia. Hizo ni siku tatu. Mwenzetu alizitoa katika likizo yake mwenyewe. Alikutwa na vinyama viwili, vikakatwa, akarudi kazini.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Lakini anayekwenda kupimwa si mgonjwa bado, na hapo ndipo wakubwa wa kazi wanaweza kubishana naye. Nataka mkataba wetu useme waziwazi kwamba siku tatu za kipimo hiki ni siku za ugonjwa zenye mshahara kamili, na kwamba msimamizi haruhusiwi kuuliza ni kipimo cha sehemu gani ya mwili. Katibu wa tawi alitie neno hili katika shauri la mkutano ujao, kabla meza ya mkataba haijafunguliwa.

Mimi wenu,
Mwanachama wa Njia