Mabomu ya Mbagala na Gongo la Mboto: Tatizo halikuwa uzio

Ukitoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kuelekea Pugu, unapita Ukonga, iliko kambi ya Jeshi la Anga ambayo wakazi wanaiita Airwing. Mbele kidogo ni Gongo la Mboto. Hapo kuna kikosi cha aina nyingine, 511 KJ, kilichojulikana nchi nzima kwa maghala yake ya silaha.

Vikosi vya kutunza silaha ni mgongo wa jeshi lolote. Rubani bila fundi, mafuta na risasi haendi popote. Ila raia huwa hawavijui mpaka siku mambo yaharibike.

Kwa Dar, siku hizo ni mbili.

Aprili 29, 2009, maghala ya kambi ya 671 KJ, Mbagala wilayani Temeke, yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walifariki. Chini ya miaka miwili baadaye, usiku wa Februari 16, 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Waliokufa walizidi 20 tena. Uwanja wa ndege ulifungwa kwa muda, maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, na watoto kibao walipotezana na wazazi wao.

Nani alimfuata nani?

Mtaani lawama zilikwenda pande mbili. Wengine waliuliza kwa nini jeshi liweke mabomu katikati ya watu. Wengine wakasema watu ndio walioifuata kambi.

Takwimu zinawapa hoja hao wa pili. Sensa ya 1967 ilihesabu watu takriban 270,000 Dar es Salaam nzima. Ya 2012 ilikuta zaidi ya milioni 4.3. Mji umetanuka, na mashamba ya pembezoni yamegeuka nyumba.

Lakini hoja hiyo inaishia njiani. Makombora ya Gongo la Mboto yaliruka kilomita kadhaa. Mtu aliyejenga mbali kabisa na uzio naye alikuwa hatarini. Huwezi kumwambia mama mwenye genge kwamba kosa lake ni kukaa huko.

Kilichomo ghalani

Baruti huzeeka. Kemikali zinazoituliza hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na joto huharakisha hali hiyo. Dar joto halikosekani. Ndiyo maana risasi zinatakiwa kukaguliwa mara kwa mara, za zamani kuharibiwa kwa utaratibu, na zilizobaki kugawanywa ili ghala moja likishika moto lisiwashe mengine.

Waliopuuza hayo kwingineko wamelipa. Lagos, Januari 2002, ghala la kambi ya Ikeja lililipuka na watu zaidi ya 1,000 walikufa, wengi wakizama mfereji walipokuwa wanakimbia. Brazzaville 2012, waliokufa ni zaidi ya 200. Bata, Guinea ya Ikweta, 2021, zaidi ya 100.

Jeshi lina siri zake, na hakuna anayetaka orodha ya silaha ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Ila kuna mambo ambayo jirani anaweza kuambiwa bila kuvujisha siri: ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na king'ora kikilia usiku akimbilie wapi na watoto.

Mwaka 2011, watu wa Gongo la Mboto walikimbia gizani bila kujua jibu la swali hilo la pili.