Kielezi Kitangulie

BARAZANI
Na Mkaa Baraza

Si desturi ya safu hii kuingilia sarufi za watu wengine, maana Kiswahili chetu peke yake chatosha kutushughulisha hata mwisho wa umri. Walakini wiki hii nimeona dhuluma iliyofanywa kwa jina la Kiingereza, na aliyedhulumiwa ni binti aliyemaliza shule juzi tu, basi sina budi kuisema.

Jirani yangu mwenye miwani mbili alikuja Jumanne baada ya alasiri akifuatana na mjukuu wake. Binti aliniamkia, nikamwitikia, akaketi mkekani, akatoa bahashani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua yake ya kuomba nafasi katika chuo cha ualimu, aliyoiandika kwa Kiingereza kwa khati nzuri iliyolala upande mmoja, kisha ikapelekwa kwa bwana mmoja wa hapa mjini ajulikanaye kwa kuwasahihishia watu Kiingereza. Bwana huyo alikuwa ameijaza mishale ya wino mwekundu. Kila mshale ulianzia kwenye kielezi kilichokaa mbele ya kitenzi chake, ukapanda juu ya mstari, ukateremka mwishoni mwa sentensi. Na pambizoni, kwa herufi kubwa, ameandika kwamba kielezi hufuata kitenzi wala hakikitangulii.

“Babu,” akaniuliza yule binti, “kwani nimeandika vibaya?”

Aliandika “I have always wanted to teach,” yaani tangu utotoni mwake hamu yake ni ualimu. Mshale ukalitwaa lile “always” ukalipeleka mkiani: “I have wanted to teach always.” Maana imekwisha geuka. Kilichodumu sasa si hamu yake. Sasa anataka kufundisha daima dawamu, pasipo kupumzika, jambo ambalo hakulisema wala hakulikusudia. Chini yake alieleza jinsi mdogo wake alivyougua malaria karibu afe, akaandika “he nearly died” kama aandikavyo kila Mwingereza. Huyu bwana akaifanya “he died nearly,” hata msomaji apate kifo kwanza na uhai baadaye. Nilipofika hapo nikaiweka karatasi chini, kwa kuwa mikono ilikuwa yanitetemeka kwa ghadhabu.

Na aulizwe mtu yeyote aliyepata kuishi na Waingereza nyumbani mwao, si darasani mwao. Akilikosa basi Mwingereza husema “I just missed it”, akikana neno, “I never said that”, akimbembeleza mkewe, “I still love you.” Hivi vielezi vifupi vya kila siku, vya mazoea na vya kadiri, makao yake ni baina ya mtenda na kitenzi, na kikiwapo kitenzi kisaidizi, huingia katikati ya hivyo viwili, kama alivyofanya binti katika “have always wanted” bila ya kufundishwa na mtu, kwa sikio lake tu. Kwa “is” na ndugu zake ndipo kielezi hurudi nyuma: “he is always late.” Mfaransa ana njia yake, hukitia kielezi baada ya kitenzi na kabla ya kitendwa, na sisi husema “amekwisha fika,” tukalipachika hilo “kwisha” ndani kwa ndani, wala hakuna aliyetuchorea mshale.

Najua ilikotoka bidaa hii. Mwaka 1864 kasisi mmoja mkuu wa Canterbury, Henry Alford, alichapisha kitabu cha kuitetea lugha ya malkia wake, na humo akalaumu kulitia neno baina ya “to” na kitenzi, ilhali Waingereza walikuwa wakifanya hivyo tangu karne nyingi kabla hajazaliwa. Walimu wakalipenda katazo lile kwa sababu ni jepesi kulikariri na jepesi kumpigia mtoto. Henry Fowler, katika kamusi yake ya mwaka 1926, aliwagawa wasemao Kiingereza mafungu matano juu ya jambo hilo, akasema kwamba wasiolijua wala kulijali ndio wengi, na ndio wenye raha. Katazo hilo, ambalo lilihusu “to” peke yake, likazidi kunenepa kwa kupita midomoni mwa watu, hata likawa ni kosa kukitanguliza kielezi mahali popote.

Wala si watoto wa kwetu tu wapatao taabu. Tarehe 20 Januari 2009, mbele ya ulimwengu mzima, Jaji Mkuu wa Marekani John Roberts alipokuwa akimlisha kiapo Barack Obama, alipaswa kusema “I will faithfully execute,” kama katiba yao ilivyoandika. Lakini akalitoa “faithfully” mahali pake akalipeleka mwisho wa maneno. Obama akasita, kwa kuwa alikijua kiapo, na kesho yake ikabidi kirudiwe Ikulu. Mtaalamu wa lugha Steven Pinker aliandika siku zile katika gazeti la New York Times kwamba chanzo chake ni chuki ya jaji huyo kwa kielezi kinachoingia kati ya vitenzi, nami nakubaliana naye kabisa. Mtu aliyezoea kuwasahihisha wenziwe alitaka kuisahihisha katiba, na walioiandika walikuwa wakiijua lugha yao.

Nilimwambia binti aiandike upya barua yake, kila kielezi kikae pale alipokiweka mwanzo, na aipeleke posta kabla ya Ijumaa. Jirani yangu akanionya kwamba huyu bwana ni mtu mwenye jina. Mimi jina lake silitaji, lakini kazi yake naitaja, kwa sababu haifanyi bure: hutoza kwa kila ukurasa, na wanaomlipa ni akina mama wauzao maandazi alfajiri ili watoto wao wapate kusoma. Kila mama katika hao ana haki ya kumwendea na karatasi mkononi amwonyeshe mshale mmoja tu, na amtake amtajie Mwingereza mmoja asemaye “he died nearly.” Akishindwa kumtaja, na arudishe fedha.